Anayegoma Kula, Anayejitapisha: Namna ya Kumtafutia Matibabu Katika Vituo vya Serikali Uganda

Binti wa dada yangu alipimwa virusi vya Ukimwi mara tatu na kifua kikuu mara mbili, akanyweshwa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo, kabla ya mtu yeyote kumwuliza anakula nini na akishakula anafanya nini. Alikuwa na miaka 16, na miezi minane ilikuwa imeshapita. Siwezi kuwalaumu sana waliompima. Hii ndiyo nchi ambayo mwaka 1985 madaktari wake walieleza ugonjwa wa kukondesha uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, na hadi leo Waganda huuita Ukimwi siliimu. Mtu akikonda hapa kwetu, jibu huwa limeshatolewa kabla ya swali.

Naishi Busia, mpakani. Haya nawaandikia mzazi, mlezi, mume au mke anayeona mezani kwake jambo asilolijua jina, na mgonjwa mwenyewe, maana najua wengi hulisoma hili peke yao usiku. Nililojifunza kwa gharama kubwa ni kwamba maradhi ya ulaji yana milango miwili, wa mwili na wa akili, na katika hospitali zetu milango hiyo iko kwenye majengo mawili. Ukibisha mmoja tu, utarudi nyumbani na nusu ya matibabu. Wewe ndiwe utakayebeba habari kutoka mlango huu hadi ule.

Hatua ya 1: Tambua unachokiona

Anoreksia ni mtu kujinyima chakula huku akiogopa kunenepa, hata kama mifupa imeshatokeza. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa muda mfupi akiwa ameshindwa kujizuia, kisha hujitapisha, hutumia dawa za kuharisha, hufunga kula au hufanya mazoezi ya kujiadhibu ili kukitoa. Wapo pia wanaokula kwa namna hiyo bila kujitapisha, wakabaki na aibu nzito. Na wapo watoto wanaokataa karibu kila chakula bila kuujali unene, kwa sababu ya kuogopa kukabwa au kuchukizwa na harufu na ugumu wa chakula. Hayo yote ni maradhi, na yote yana matibabu.

Kosa kubwa ni kumtafuta mtu mwembamba. Wengi wenye bulimia wana mwili wa kawaida au mnene, na wanaume na wavulana wamo. Kwa hiyo tazama mambo mengine: anayekwenda chooni kila baada ya mlo, mashavu yanayovimba chini ya masikio, meno yanayooza haraka, michubuko kwenye vifundo vya vidole, hedhi iliyokatika, kuhisi baridi mchana wa jua, sweta zisizovuliwa, kisingizio cha "nimeshakula kwa rafiki yangu". Tazama pia chakula cha nyumbani kinachopotea usiku.

Utaambiwa kwamba haya ni magonjwa ya wazungu. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti uliowaonyesha wanafunzi wa Uganda na wa Uingereza michoro ya miili. Waganda waliwaona wanawake wanene kuwa wa kuvutia zaidi kuliko walivyowaona Waingereza. Watu huutumia ukweli kama huo kusema kwamba sisi tumekingwa. Lakini kupenda unene hakukumkinga binti yetu. Kwetu "umenenepa!" ni salamu ya heri, tena husemwa kwa furaha na shangazi aliyetoka safari. Kwake ilikuwa kisu. Maradhi haya hayahitaji mji mzima upende wembamba. Hutosha mtu mmoja aliyeumizwa, au mwenye hofu, au aliyetaniwa shuleni, akagundua kwamba chakula ndicho kitu pekee anachoweza kukitawala.

Hatua ya 2: Jua dalili zisizongoja kesho

Mpeleke siku hiyohiyo kwenye kituo chenye daktari ikiwa amezimia, ana maumivu ya kifua au moyo unaruka mapigo, anatapika damu, amechanganyikiwa, ana degedege, hajanywa chochote tangu jana, miguu imevimba, au amedhoofika hata hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Hesabu mapigo ya mkono wake asubuhi kabla hajatoka kitandani, kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, aonwe leo. Yakiwa chini ya 40, hiyo ni dharura, tafuteni usafiri sasa.

Akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa nyumbani dawa za mazao na vidonge vilivyolundikana, kisha nenda naye. Usiogope kumwuliza waziwazi. Swali lako halitamtia wazo hilo kichwani.

Nasisitiza jambo moja: mtu anaweza kuzungumza vizuri, kucheka na kufanya mtihani, na moyo wake ukawa karibu kusimama kwa sababu potasiamu, mojawapo ya chumvi za damu, imeshuka kutokana na kutapika. Uso wake usikudanganye.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja

Kila mgonjwa Uganda huenda kituoni na kitabu chake cha mazoezi, kile cha shule, ambamo musawo, yaani mhudumu wa afya, huandika. Nunua kipya kwa ajili ya jambo hili tu. Kwenye ukurasa wa kwanza andika mabadiliko yalianza lini. Uzito wa zamani na wa sasa kama unajulikana. Hedhi ya mwisho. Anakula nini kwa siku ya kawaida. Anajitapisha au anatumia dawa za kuharisha mara ngapi kwa wiki. Amezimia mara ngapi. Amepimwa nini na majibu yake. Kuhusu ukurasa huu niamini: foleni ni ndefu, musawo ana dakika chache, na mgonjwa mwenyewe huenda akakana kila kitu akiwa mbele yake.

Zungumza naye kabla ya safari. Usimshtukize. Nilipojaribu mara ya kwanza nilimwambia, "Unatutia aibu, kula." Akanyamaza siku mbili. Mara ya pili nilikaa naye nje tukichambua mchicha, macho yetu yako kwenye mboga, nikamwambia: "Mwanangu, nimeona unateseka na chakula. Sijui kinachokusumbua, lakini sitakuacha. Jumatatu twende wote." Alilia, halafu akasema, "Mama mdogo, usimwambie baba kwanza." Nilimwahidi kwamba hatasikia habari zake kutoka kwa mtu mwingine kabla hatujakubaliana nani aambiwe. Ahadi hiyo niliitimiza, na nadhani ndiyo iliyotufikisha kituoni.

Hatua ya 4: Chagua kituo

Ngazi za serikali ziko hivi. Kijijini kuna wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita VHT. Hawatibu maradhi haya, lakini wanajua njia na wanaweza kukusindikiza. Kibao chenye HC II (HC ni Health Centre, kituo cha afya) ni kituo cha parokia, yaani eneo la vijiji kadhaa, si la kanisa, na HC III ni cha kaunti ndogo, chenye maabara na wodi ya uzazi. HC IV hutakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji. Juu yake ni hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha zile za taifa, zikiwemo Mulago na Butabika.

Kama hana dalili za Hatua ya 2, anza HC III au HC IV iliyo karibu, mpate vipimo vya mwanzo na barua ya rufaa. Lakini usikae hapo miezi. Lengo lako ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sababu humo ndimo milango yote miwili inapatikana katika ua mmoja: wodi za kawaida na ofisa lishe upande mmoja, kitengo cha afya ya akili upande mwingine. Mbale, Jinja, Mbarara, Masaka, Gulu, Lira, Arua, Soroti, Fort Portal, Hoima, Kabale: tazama iliyo karibu nawe. Usitafute wodi yenye kibao cha maradhi ya ulaji. Ulizia kitengo cha afya ya akili.

Ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya serikali mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za malipo. Hata hivyo beba fedha, kwa kuwa baadhi ya vipimo vya damu utatumwa ukavifanye katika maabara ya nje. Akilazwa, wewe ndiwe utakayemwuguza: njoo na mkeka, beseni, blanketi, sabuni, vyombo vya kulia na kitambulisho.

Hatua ya 5: Sema maneno yatakayofungua mlango wa mwili

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, unaotumiwa kuwafundisha wahudumu wa vituo vya chini kutibu magonjwa ya akili, una sura za sonona, saikosisi (kupotewa na uhalisia), kifafa, pombe na kujidhuru. Toleo lake la 2016 halina sura ya maradhi ya ulaji. Basi usishangae ukitazamwa kwa mshangao. Usianze na jina la maradhi. Anza na mwili: "Musawo, amekuwa akijinyima chakula na kujitapisha kwa miezi minane, juzi alizimia, naogopa potasiamu imeshuka." Sentensi kama hiyo humfanya mtu aweke kalamu chini na kukutazama.

Omba kwa heshima apimwe mapigo, shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, joto la mwili, sukari, wingi wa damu, na chumvi za damu, yaani potasiamu, fosfeti na magnesiamu, pamoja na umeme wa moyo. Kubali pia vipimo vya virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo na mimba. Si matusi. Magonjwa hayo hukondesha, na mtu anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Tatizo letu halikuwa kupimwa. Lilikuwa kwamba majibu yalipokuja safi tuliambiwa, "Hana ugonjwa, ni kiburi cha wasichana," tukarudi nyumbani. Ukisikia maneno hayo, usigombane. Uliza: "Kama si hayo, basi tuandikie rufaa ya kitengo cha afya ya akili, musawo." Ngoja mpaka iandikwe kitabuni.

Kama huyo musawo hasemi Kiswahili, nenda na mtu mzima mnayemwamini atafsiri. Usimtumie mdogo wake mgonjwa. Kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyapitisha mdomoni mwake.

Hatua ya 6: Chakula cha kwanza kiwe kidogo

Hapa ndipo upendo wa nyumbani unapoweza kuua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwili uliokaa siku nyingi karibu bila chakula hujifunza kubana matumizi. Ukiujaza ghafla kwa sahani kubwa ya matoke, soda na mkate, seli huinyonya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na moyo unaweza kushindwa. Hatari ni kubwa zaidi siku za mwanzo, hasa wiki ya kwanza. Ndiyo sababu aliyekonda sana, au aliyekaa siku kadhaa bila kula, aanze kulishwa akiwa hospitalini, kidogo kidogo, damu ikipimwa, na apewe vitamini ya tiamini kabla ya kuongezewa chakula.

Daktari asipolizoea jina la maradhi, ofisa lishe anaijua hatari hii. Kila siku wanawatibu watoto wenye utapiamlo mkali kwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75 kwanza, kisha ndipo wanapopanda hadi yale yenye nguvu zaidi, F-100, au lishe ya karanga. Kitengo cha Mwanamugimu pale Mulago kimefanya kazi hiyo kwa miongo. Mwombe daktari amwite ofisa lishe wodini. Sisi, huyo ndiye aliyetuokoa: mama mmoja mtulivu aliyeshika chati, akaniambia nirudishe nyumbani kapu la maandazi.

Hatua ya 7: Mlango wa akili

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 iliyochukua nafasi ya ile ya 1964 inatambua kwamba mtu anaweza kutibiwa akili katika vituo vya kawaida vya afya, na kwamba anaweza kulazwa kwa hiari yake. Kuingia kitengo cha akili si kufungwa. Waambie jamaa hivyo kabla hawajaanza kunong'ona.

Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 upande wa mashariki wa Kampala karibu na Luzira, ni ya rufaa ya taifa na ina wodi ya watoto na vijana. Huendi huko tu kwa ajili ya kulazwa. Kuna kliniki ya wagonjwa wa nje. Lakini kwa wengi wetu, wa kukutana naye kwanza ni ofisa tabibu wa magonjwa ya akili au mwuguzi wa akili katika hospitali ya mkoa. Mheshimu sana huyu. Ndiye atakayekuwapo mwezi ujao.

Matibabu yenyewe ni mazungumzo yenye utaratibu. Kwa kijana aliye nyumbani, njia yenye ushahidi mzuri ni wazazi kushika usukani wa milo kwa muda, kisha kumrudishia polepole. Kwa mtu mzima, ni kujifunza kuvunja mzunguko wa kujinyima, kula kupita kiasi na kujitapisha, kwa kula kwa saa zilizopangwa na kuandika mawazo yanayokuja. Ukiambiwa tiba ya mazungumzo haiwezekani kwetu, kumbuka kwamba Rakai na Masaka, katika utafiti uliochapishwa 2003, vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi viliwapunguzia watu sonona kwa kiasi kikubwa. Na aina hiyohiyo ya mazungumzo, inayoshughulikia uhusiano wa mtu na wenzake, hutumika kwa bulimia pia.

Kuhusu dawa: fluoksetini huwasaidia watu wazima wenye bulimia, mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko cha sonona, na daktari ndiye anayepanga. Kwa anoreksia, chakula ndicho dawa. Vidonge havijaonyesha faida kubwa. Akitaka kumpa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, mkumbushe kwamba mgonjwa hutapika na uulize kama potasiamu na umeme wa moyo vimepimwa, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuuvuruga mdundo wa moyo uliokwisha kudhoofika.

Hatua ya 8: Meza ya nyumbani

Daktari akiruhusu, panga milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, kwa saa zilezile kila siku. Huhitaji vyakula vya duka kubwa. Uji wa wimbi wenye maziwa na karanga zilizosagwa, posho (ugali) na maharage, mayai, parachichi, viazi vitamu, mukene (dagaa), matoke kwa mchuzi wa karanga: hivi vinatosha, tena vina nguvu. Mtu mzima mmoja akae naye mpaka amalize, naye ale. Baada ya mlo mkae pamoja kama saa moja. Sukaneni nywele, chezeni karata, chambueni mchele. Saa hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Usizungumzie uzito, wala wake wala wako. Mimi ilinibidi niache kuulalamikia mwili wangu mbele ya kioo, tabia niliyokuwa nayo tangu usichana bila kuijua. Majirani wakija, watangulie kuambiwa getini: hakuna "umekonda" wala "umenawiri". Na akijitapisha, asigombezwe. Asukutue kwa maji tu, mswaki wa meno ungoje, maana asidi imelainisha meno.

Dini ina nafasi yake. Tulipokaribia Ramadhani alitaka kufunga, na nilijua kiu yake haikuwa ya thawabu. Tulikwenda kwa imamu wa msikiti wetu. Akamsomea kwamba mgonjwa ameruhusiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe kutofunga, na akamwambia kula kwake mwezi ule ndiyo ibada. Ilimpa nguvu kuliko maneno yangu yote. Walokole wenye mifungo ya siku nyingi wanaweza kumwendea mchungaji vilevile. Maombi yaendelee, ila yasichukue nafasi ya kliniki.

Ukikwama

Shirika la Mental Health Uganda, la watu wenye maradhi ya akili na walezi wao, lina namba ya ushauri isiyotozwa: 0800 21 21 21. Mtoto aliye hatarini, au anayenyimwa matibabu, apigiwe 116, laini ya Sauti, nayo ni bure. Mkimbizi wa Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja ana haki ya kutumia kituo cha afya cha makazi yake na kuandikiwa rufaa kama raia. Uliza pia huduma za ushauri wa kisaikolojia zinazotolewa makazini, kwani mara nyingi huko ndiko utakapompata anayesema Kiswahili.

Kurudi shuleni

Bweni ni mahali pagumu: foleni ya posho, wenzake wanaotazama sahani, hakuna wa kukaa naye baada ya mlo. Tuliomba awe mwanafunzi wa kutwa kwa muhula mmoja. Ikishindikana, omba barua ya daktari, kisha onana na matroni na mwuguzi wa shule ana kwa ana. Waombe mambo matatu tu: ale meza moja na mtu mzima, asamehewe mbio na mazoezi mazito mpaka daktari aruhusu, na akikosa milo miwili upigiwe simu jioni hiyohiyo. Asiadhibiwe kwa kuacha chakula. Asitangazwe mbele ya wenzake.

Sasa binti ana miaka 18. Mara mbili amerudi nyuma, zote mbili wakati wa mitihani, na mara zote mbili tulirudi kliniki ndani ya wiki badala ya kungoja. Kila mwezi hupimwa uzito HC III akiwa ameipa mizani mgongo. Mwuguzi huandika namba, mimi huibeba, yeye haulizi. Kitabu chetu cha mazoezi sasa ni cha tatu. Tarehe ya kliniki ijayo ameiandika yeye mwenyewe kwenye jalada.